Lipeni kazi ya fundi, nakala iwe huru: barua ya wazi kuhusu programu za kukraki

Kwa Waheshimiwa Mawaziri mnaosimamia elimu, teknolojia ya habari na serikali za mitaa. Na kwa wakuu wa taasisi za hakimiliki na serikali mtandao, Tanzania.

YAH: PROGRAMU ZA KUKRAKI KATIKA SHULE NA OFISI, NA NJIA NYINGINE YA KUWALIPA WANAOZITENGENEZA

Waheshimiwa,

Shikamooni.

Mimi ni fundi kompyuta, niko Igoma, Mwanza. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo kilichonilisha zaidi ni kupiga window. Mteja analeta mashine iliyokwama. Naifuta, naweka Windows upya, naweka Word na Excel, na kama ana studio naweka programu ya picha. Kisha natoa fleshi yangu, naendesha kiprogramu kidogo kinachoidanganya mashine kwamba imeshalipiwa, na kila kitu kinafunguka. Hiyo ndiyo kukraki. Nalipwa elfu kumi na tano. Vilivyomo kwenye fleshi hiyo nilinakili kwa fundi aliyenifundisha kazi, naye alinakili kwa wake. Aliyeandika programu zenyewe hapati hata senti.

Nasema haya hadharani nikijua kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyomlinda mwanamuziki. Sijifichi. Nataka mjue hali ilivyo huku chini, kwa sababu wateja wangu si watu binafsi tu. Nimepiga window za shule, za ofisi za kata, za zahanati. Fedha niliyolipwa huko ni ya umma.

Kilichonifanya niandike ni kompyuta tisa. Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa sekondari moja ya kata alizileta kwenye kirikuu. Waliosoma pale zamani walichangishana wakazinunua zikiwa zimetumika, diski zimefutwa. Mwalimu alikuwa na laki mbili za kumaliza kazi yote: nyaya, soketi, kibodi tatu mbovu, na "window pamoja na Office, fundi, ili kidato cha pili waanze." Nikapiga hesabu. Leseni ya Windows ya kawaida huuzwa na wenyewe dola 139 kwa mashine moja, na Office ni juu ya hapo. Kwa Windows peke yake ni zaidi ya laki tatu za kwetu, bei inayokaribiana na ya kompyuta yenyewe. Mara tisa.

Alipotaka risiti nikamuuliza, "Mwalimu, niandike nini?" Tukatazamana. Miaka yote nimekuwa nikiandika "matengenezo ya kompyuta", na mkaguzi yeyote akiisoma hana swali. Siku ile mkono ulikuwa mzito. Shule inayomfundisha mtoto kwamba kunakili mtihani wa mwenzake ni wizi ilikuwa inaniomba ninakili, na mimi nilikuwa natafuta neno la kufunikia.

Waheshimiwa, kabla sijafika kwenye ombi langu, niseme kuhusu gharama, maana wengi hudhani programu ya kukraki ni ya bure. Kile kiprogramu cha kuamsha kina sharti moja: uzime kwanza antivairasi, la sivyo itakifuta. Kwa hiyo mashine yoyote iliyopita mikononi mwa mafundi kama mimi ilianza maisha yake mlango ukiwa wazi, na aliyeingia mlangoni ni programu ambayo hatujui iliandikwa na nani. Baada ya hapo mafundi wengi huzima na masasisho, kwa hofu kwamba kampuni ikigundua itaifunga mashine. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea dunia nzima kwa siku chache, kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Dawa yake Microsoft walikuwa wameitoa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Waliosasisha walipona.

Nimeona hasara hiyo kwa ukubwa wa hapa kwetu. Shule moja ililetewa fleshi yenye kirusi wiki ya kufunga muhula. Alama za wanafunzi wa miaka mitatu zikageuka majina yasiyosomeka, na kwenye kioo ukatokea ujumbe wa kudai fedha za kuzikomboa. Hakuna aliyekuwa na nakala ya akiba. Mwalimu wa taaluma alikaa kwenye kiti changu akitazama kioo, kisha akaomba karatasi aanze kuandika majina ya darasa kwa kumbukumbu. Mashine ile niliipiga window mimi. Hilo silisahau.

Lakini nina upande wa pili wa kusema, na huo ndio ulionifundisha zaidi.

Mwaka 2016 mimi na rafiki yangu tuliandika programu ya matokeo ya shule. Tuliifanya usiku, miezi tisa, baada ya kufunga duka. Ilipokea alama, ikapanga nafasi, ikatoa ripoti ya kila mtoto kwa Kiswahili yenye sehemu ya maoni ya mwalimu wa darasa. Tuliiuza laki mbili. Shule saba zilinunua. Mwaka uliofuata niliitwa kurekebisha printa kwenye shule ambayo hatukuwahi kuiuzia, na nilipofungua mashine nikaikuta programu yetu, jina letu limeondolewa, limewekwa la mtu mwingine. Nikauliza imetoka wapi. "Kuna mwalimu alihamia hapa akaja nayo kwenye fleshi." Baadaye tulihesabu shule kumi na moja, na hizo ni zile tulizozifikia kwa miguu yetu. Rafiki yangu aliacha. Leo anauza kava na chaja za simu, na ninaamini ndiye mwandishi wa programu mwenye kipaji kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Mtaala ulipobadilika, programu ilihitaji kurekebishwa. Hakukuwa na wa kulipia marekebisho, ikafa kila mahali, kwa walionunua na kwa walionakili.

Kwa hiyo nimeiba na nimeibiwa. Walioninakili siwachukii, walikuwa na shida ileile ya mwalimu wa kompyuta tisa. Ninachodai ni kwamba mfumo wenyewe wa kumlipa mwandishi wa programu kwa kila nakala hauwezi kufanya kazi kwenye nchi ambayo leseni ni bei ya mashine, na misako ya madukani haitaufanya ufanye kazi.

Hoja hii ni ya zamani. Tarehe 3 Februari 1976 kijana wa miaka ishirini aitwaye Bill Gates aliandika barua ya wazi kwa waliokuwa wakichezea kompyuta ndogo ya Altair. Alilalamika kwamba wanatumia programu yake ya BASIC, lakini walioinunua hawafiki asilimia 10 ya wenye mashine. Programu ilikuwa kwenye utepe wa karatasi wenye matundu, watu wakitoboleana nakala kama sisi tunavyopeana fleshi. Alisema yeye na wenzake walitumia muda wa kompyuta wenye thamani ya zaidi ya dola 40,000, na malipo waliyopata yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Akauliza ni nani anayeweza kufanya kazi ya kitaalamu bure. Nilipoisoma barua ile nilimwona rafiki yangu na kava zake za simu. Swali la Gates ni la haki kabisa.

Jibu lake ndilo lililotukwamisha. Alichukulia kwamba njia ya kumlipa mtu aliyefanya kazi ni kuuza nakala, moja moja, hata kama nakala haina gharama ya kuitengeneza. Na mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington kuhusu China, alisema kwamba maadamu watu wataiba, ni heri waibe za kwetu, watazizoea, na siku moja tutajua namna ya kukusanya fedha. Waheshimiwa, hapo ndipo tulipo. Kila shule niliyoipigia window ya wizi imemzoesha mtoto bidhaa moja, na mtoto huyo akiajiriwa ofisi ya umma itaombewa leseni ya bidhaa hiyohiyo kwa sababu "ndiyo wafanyakazi wanayoijua".

Fundi seremala akitengeneza dawati analipwa ufundi wake. Fundi wa kisima akimaliza kuchimba analipwa siku zake, na kijiji kinachota, hakuna anayehesabiwa ndoo. Kisima kikiharibika pampu, kamati ya maji inamwita tena na inamlipa tena. Programu ina sura ya kisima kuliko ya gunia la mchele, kwa kuwa akichota mmoja hakipungui kwa mwingine. Tulipe uchimbaji na tulipe matunzo.

Wapo waliofanya hivyo. New Zealand kuna wilaya ya mashambani iitwayo Horowhenua. Mwaka 1999 mfumo wa kompyuta wa maktaba zao ulikuwa hauwezi kuvuka mwaka 2000. Badala ya kununua leseni ya mwingine waliilipa kampuni ndogo ya huko iandike mpya, kisha wakaiachia dunia itumie. Waliuita Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ulianza kazi Januari 2000. Leo Koha inaendesha maktaba za vyuo vikuu kadhaa hapa kwetu, na hakuna chuo kinachodaiwa nakala. Kinachouzwa ni kazi: kuifunga, kuirekebisha, kuifundisha.

Mfano wa pili ungewafurahisha wanakamati wa harusi. Uholanzi kulikuwa na programu ya kuchora katuni iitwayo Blender. Kampuni iliyoimiliki ilifungwa mwaka 2002, programu ikabaki mikononi mwa wawekezaji. Mwandishi wake, Ton Roosendaal, akawauliza wanataka kiasi gani waiachie. Wakataja euro 100,000. Akatangaza mchango kwenye intaneti. Zilipatikana ndani ya wiki saba, na tarehe 13 Oktoba 2002 programu ikawa huru kwa kila mtu, daima. Mwaka 2025 filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa programu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar. Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa mchango. Tunaweka kamati, tunagawa kadi, tunachukua ahadi, tunapanga siku ya mwisho, mweka hazina anasoma majina kwenye kundi la WhatsApp, na ukumbi unalipwa. Shule mia mbili zikiahidi elfu hamsini kila moja ni milioni kumi. Mimi na rafiki yangu tungeandika programu ya matokeo kwa fedha hiyo, tukaiacha huru, na tusingemkimbiza mtu na fleshi yake. Kilichokosekana ni kamati.

Na mfano wa tatu uko mezani kwenu tayari. Takwimu za kila mwezi za vituo vya afya, watoto waliochanjwa na akina mama waliojifungua, huingizwa kwenye programu iitwayo DHIS2. Chimbuko lake ni Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, na leo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ikilipiwa kwa fedha za umma za Norway na wafadhili wengine. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuijenga na kuifanya ifae hapa. Janga la corona lilipoanza, Sri Lanka waliongeza sehemu ya kufuatilia wasafiri waliotoka maeneo yenye ugonjwa mwezi Januari 2020, na nchi nyingine zikaichukua zikairekebisha kwa mahitaji yao. Zahanati ya Magu haidaiwi leseni. Hakuna aliyeiba, na walioiandika wanalipwa mishahara.

Hapa lazima niwe mkweli, maana wapenzi wa programu huria, yaani zilizo huru kwa yeyote kuzitumia, kuzinakili na kuzirekebisha, husema "ni bure" wakaishia hapo. Bure isiyo na mlezi hufa, au huua. OpenSSL ni programu huria inayolinda siri za tovuti nyingi duniani, zikiwemo za benki. Aprili 2014 iligunduliwa ina tundu lililopewa jina Heartbleed. Watu walipochunguza walikuta walinzi wa kitu hicho kikubwa walikuwa wakipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na mfanyakazi wa kudumu mmoja. Kampuni tajiri zilizokuwa zikiitumia kila siku zilikuwa hazijachangia. Ndipo zikachanga. Ujerumani ilikwenda mbele zaidi, na tangu mwaka 2022 ina mfuko wa serikali unaowalipa watu kutunza programu huria ambazo uchumi wake unazitegemea, kama inavyolipia madaraja.

Nasi tuna la kwetu la kukumbuka. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia na ya mahesabu, huria, yote kwa Kiswahili. Neno "faili" na neno "hariri" yalikuwa pale juu ya kioo, yameandikwa na watu wetu. Nilipoiona mara ya kwanza nilijisikia kama mtu anayesikia jina lake likitajwa redioni. Leo zunguka steshenari zote za Igoma hadi Buhongwa, hutaikuta hata moja. Kwa ninavyoona mimi, mradi ulikuwa na fedha za kuzaa na haukuwa na fedha za kulea.

Sasa ombi.

Programu yoyote itakayoandikwa kwa fedha ya kodi kwa ajili ya shule, zahanati au halmashauri, msimbo wake, yaani maandishi ya mafundi yanayoiunda, uwe wa umma, shule ya Kigoma iweze kuchukua kilicholipiwa Mwanza bila kumwomba mtu. Mkataba wake uwe na malipo ya kila mwaka ya matunzo, yaliyotajwa kwa tarakimu. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mkinipa nusu tu ya barua hii, nipeni hiyo.

Kazi zenyewe zikatwe vipande vidogo ambavyo vijana wanaweza kuvibeba. Sheria zetu za ununuzi zinatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, na halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nimewahi kukaa na kikundi cha vijana watano tukaandika andiko la kuomba mkopo wa kutengeneza programu. Tuliulizwa mashine yetu ya kufanyia kazi iko wapi waje waione, kama mtu anavyoonyesha cherehani au pikipiki. Laptopu mbili zilizochakaa hazikumridhisha mtu. Wekeni utaratibu unaomtambua mwandishi wa programu kuwa fundi.

Kuhusu sisi mafundi na wenye steshenari, nawaomba msianze na polisi. Tupeni muda, mwaka mmoja kwa mfano, na mafunzo ya kuhama. Ukimnyang'anya mama wa steshenari kompyuta yake moja umemfungia riziki, na kesho yake jirani atafungua na fleshi ileile. Mkitufundisha kufunga na kutunza Linux na LibreOffice, programu huria za kushika nafasi ya Windows na Office, elfu kumi na tano yangu nitaipata kwa ufundi, na risiti nitaiandika kwa herufi kubwa.

Nirudi kwenye zile tisa. Sikuzipiga window. Nilichukua moja nikaweka Linux na LibreOffice, nikamwita mwalimu mkuu Jumamosi aje aijaribu. Aliandika barua ya wazazi, akapanga jedwali la karo ya chakula, akaichapa. Alishangaa jinsi mashine ya miaka kumi ilivyowaka haraka. Nikamwambia nitazifunga zote kwa fedha ileile, na nitakuja shuleni Jumamosi nne kuwafundisha walimu wake bila malipo.

Alinyamaza kidogo, kisha akafungua kitabu cha kompyuta alichokuja nacho. Kila ukurasa una picha ya Windows. "Fundi," akasema, "mimi nimeipenda. Lakini mkaguzi akija akiuliza kwa nini watoto hawasomi hii iliyomo kitabuni, nitamwonyesha nini? Niletee barua inayosema naruhusiwa, hata mistari mitatu, nizichukue kesho."

Barua hiyo mimi siwezi kuiandika, Waheshimiwa. Kompyuta nane bado ziko kwenye benchi langu, zimefunikwa na kitenge zisipigwe vumbi. Nimemwomba wiki mbili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi kompyuta,
Igoma, Mwanza